Historia: Lumumba, mgeni wa Stanleyville aliyeitafutia Kongo uhuru

Kila mwaka tarehe 16 na tarehe 17 Januari, biro zinafungwa mu Kongo nzima. Tarehe 16 ni ya Laurent-Désiré Kabila, tarehe 17 ni ya Patrice Emery Lumumba. Watoto hawaendi masomo na wafanyakazi wa serikali wanabaki nyumbani. Lakini ukimuuliza kijana hapa Kibabi huyu Lumumba alikuwa nani, mara nyingi atakujibu kwamba ni jina la ile barabara kubwa ya Bukavu, ao ni yule mwenye miwani na ndevu ndogo ku picha. Wengine wanajua kwamba aliuawa kule Katanga. Ni wachache wanaojua kwamba alikomaa huku kwetu mashariki, kwamba kazi yake ya kwanza aliifanya ku kompani ya kasiterite, na kwamba siku aliyokamatwa kwa mara ya mwisho alikuwa njiani kurudi mashariki.

Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 mu kijiji cha Onalua, teritware ya Katako-Kombe, kule Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Watetela. Alisoma kwa misheni, ya Wakatoliki na ya Wametodisti, bila kufika mbali. Kifaransa ambacho baadaye kiliwashangaza Wabelgiji wenyewe, alikipata zaidi kwa kujisomea vitabu usiku na kwa masomo ya kutumiwa kwa posta. Hakuona mlango wa universite hata siku moja.

Mnamo mwaka 1943, akiwa na miaka 18 hivi, aliacha kwao akaelekea mashariki mpaka Kalima, karibu na Kindu. Wakati ule Maniema yote ilikuwa ndani ya jimbo moja na sisi. Masisi, Walikale, Uvira, Kindu na Kalima, wote tulikuwa chini ya Costermansville, njo Bukavu ya leo. Ni mwaka 1988 tu ambapo Kivu iligawanywa ikawa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Kwa hiyo tukisema kwamba Lumumba alianzia kazi Kivu, hatumwibi mtu.

Pale Kalima kulikuwa kompani kubwa ya Wabelgiji, Symétain, ambayo ilichimba kasiterite. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vikali. Mwaka 1942 Wajapani walikuwa wamekamata Malaya, ambako Waingereza na Waamerika walizoea kupata bati. Bati inatoka mu kasiterite, na bila bati hakuna mikebe ya chakula cha askari wala mashine nyingi za vita. Basi macho yote yakageukia Kongo, na amri ikatoka kwamba watu wa Maniema wachimbe zaidi, wapende wasipende. Wale wanaochimba hapa kwetu, ao kule Bisie mu Walikale, wanalijua vizuri lile jiwe jeusi, dogo kwa macho na zito ku mkono.

Lumumba hakushika chepeo. Kwa sababu alijua kusoma na kuandika, alipewa kazi ndogo mu biro. Si jambo la kupuuza. Mtu wa biro ku kompani ya madini anaona kitu ambacho mchimbaji haoni kutoka ndani ya shimo: hesabu ya mzigo unaoondoka, na hesabu ya mshahara unaobaki. Hakukaa pale muda mrefu. Mwaka uliofuata alihamia Stanleyville, ambayo leo tunaiita Kisangani.

Huko njo maisha yake yalipofunguka. Alipata kazi ya ukarani ku serikali, akapelekwa Léopoldville kusoma masomo ya posta, akarudi na kutumika kwanza Yangambi, kisha Stanleyville mjini. Mwaka 1951 alimuoa Pauline Opango, Mtetela kama yeye. Mchana alikuwa ku posta, jioni alikuwa mu vyama. Alikuwa msimamizi wa chama cha wafanyakazi wa posta, akawa pia rais wa chama cha evoluwe wa Stanleyville. Aliandika makala mu magazeti ya wakati ule. 

Evoluwe, kwa wale ambao hawakusikia neno hili, alikuwa mtu mweusi ambaye wakoloni walimuona kuwa ameendelea. Kulikuwa karte maalum ya hiyo. Ili uipate, wakubwa walikuja nyumbani kwako kuangalia kama unakula ku meza, kama choo chako ni safi, kama unaongea na bibi yako kwa heshima. Lumumba aliomba karte ya juu kabisa, mara ya kwanza wakamkatalia, akaipata mwaka 1954. Mu Kongo nzima, yenye watu zaidi ya milioni 12, walioipata mpaka mwaka 1958 hawakupita sana 200. Fikiria mwenyewe.

Wakati huo Lumumba hakuwa mwanamapinduzi hata kidogo. Aliamini kwamba Wabelgiji na Wakongo wanaweza kujenga nchi pamoja, pole pole. Mwaka 1955 Mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville, Lumumba aliongea naye, na mwaka uliofuata alikuwa kati ya Wakongo waliopelekwa kutembea Ubelgiji. Watu wanaomchora leo kama simba tangu utoto wanakosea. Alikuwa karani mwenye kola nyeupe aliyetaka kuheshimiwa.

Kisha ikaja Julai 1956. Aliporudi kutoka Ubelgiji alikamatwa kwa kesi ya pesa za posta, faranga 126,000 hivi. Alikiri kwamba alizichukua. Maelezo yake yalikuwa kwamba serikali inamtaka evoluwe aishi kama mzungu huku inamlipa mshahara wa mtu mweusi. Kuna waandishi wanaoipita hii habari haraka haraka ili wasimchafue shujaa. Sisi tunaiandika, kwa sababu ilitokea, na kwa sababu maisha yake yaligeuka pale. Alihukumiwa miaka 2, ikapunguzwa, akatoka Septemba 1957. Mu gereza aliandika kitabu kizima ambacho kilitoka baada ya kifo chake. Ukikisoma unakuta bado anaomba Wabelgiji wafungue mlango. Lakini yule aliyetoka hakurudi tena ku posta.

Alienda Léopoldville na kupata kazi ya kutangaza pombe. Ndiyo, pombe. Ilikuwa biya Polar, na Lumumba alizunguka mu sité, baa kwa baa, akiongea na watu na kuwanunulia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kukamata mtu. Aliongea Kitetela, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kifaransa. Mu muda mfupi alijulikana kila kona ya mji ambao haukuwa wake. Tarehe 10 Oktoba 1958 yeye na wenzake walianzisha chama MNC, yaani Mouvement National Congolais. Desemba ile ile alifika Accra mu Ghana, ku mkutano wa Waafrika wote ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Aliporudi, mbele ya watu wengi sana, alidai uhuru, na si uhuru wa siku fulani mbele.

Siku chache baadaye, tarehe 4 Januari 1959, Léopoldville iliwaka moto. Watu waliuawa kwa makumi. Wabelgiji walishtuka, maana waliona jirani zao Wafaransa walivyoungua: Vietnam iliwapiga mpaka wakashindwa Dien Bien Phu mwaka 1954 baada ya vita vya karibu miaka 8, na mwaka ule ule Algeria ikaanza vita yake. Ubelgiji nchi ndogo haikutaka kutuma watoto wake kufia mu pori la Kongo. Lumumba hakuwa na jeshi kama lile la Vietnam. Alikuwa na mdomo, chama, na hofu ya yule mkoloni. Kutoka kuanzisha chama mpaka uhuru ilikamata miezi 20 tu, na baadaye tuliona kwamba haraka ile nayo ilikuwa na bei yake.

Tofauti yake na viongozi wengine wa wakati ule ilikuwa nini? Karibu kila chama kilikuwa cha watu wa kwao. Abako ya Kasavubu ilikuwa ya Wakongo wa Bas-Congo, Conakat ya Tshombe ilisimama na wale waliojiita wenye Katanga. Hata MNC yenyewe ilipasuka Julai 1959, na Albert Kalonji akaenda na Waluba wa Kasai. Lumumba alibaki na upande wake, na nguvu yake kubwa haikuwa Sankuru kwa Watetela wenzake. Ilikuwa Stanleyville na jimbo lote la Orientale, mahali alipofika kijana asiye na shamba wala ukoo. Watu wa pale, wa makabila mengi, walimkamata mgeni wakamfanya wao. Kwetu Kivu, Anicet Kashamura wa Idjwi na wenzake walikuwa na chama CEREA, kilichozaliwa Bukavu, nacho kilikataa siasa ya kabila na kilitembea pamoja na Lumumba. Sisi wa Masisi, ambao kila uchaguzi tunahesabu jina la mtu linatoka wapi kabla ya kusikiliza anachosema, tunaweza kushangaa kidogo hapa.

Oktoba 1959 chama kilifanya mkutano mkubwa Stanleyville. Tarehe 30 polisi na askari walipambana na watu, zaidi ya 20 wakafa. Lumumba alikamatwa tena kwa kosa la kuchochea. Desemba, akiwa buloko, chama chake kilishinda uchaguzi wa Stanleyville kwa wingi mkubwa. Januari 1960 alihukumiwa miezi 6 na kusafirishwa mpaka gereza la Jadotville, Likasi ya leo. Siku zile zile Bruxelles ilikuwa inaanza kikao cha meza ya mviringo kati ya Wabelgiji na viongozi wa Kongo. Wajumbe, hata wale wasiompenda, walisema bila Lumumba hakuna mazungumzo. Alitolewa kifungoni, akatiwa ndani ya ndege, akafika Bruxelles akiwa bado na alama za pingu ku mikono. Tarehe ikawekwa: 30 Juni 1960.

Mu uchaguzi wa Mei, MNC ya Lumumba ilipata viti 33 juu ya 137, hakuna chama kingine kilichofika pale. CEREA ilipata 10. Lumumba akawa waziri mkuu akiwa hajatimiza miaka 35, Kasavubu akawa rais, na Kashamura wetu akapewa wizara ya habari.

Siku yenyewe ya uhuru kila mtu anaisimulia. Mfalme Baudouin alisifu kazi ya Leopold wa pili. Kasavubu alijibu kwa adabu. Lumumba hakuwa ku programu, lakini alisimama na kusoma karatasi alizokuwa ameandika. Alikumbusha kazi za nguvu, mijeledi, mashamba yaliyochukuliwa, gereza kwa wale waliowaza tofauti, na namna mtu mweusi alivyoitwa bila heshima kama mtoto. Wakongo waliokuwa mle ndani walipiga mikono mara nyingi. Mfalme alitaka kuondoka papo hapo. Wako wanaosema kwamba pale Lumumba alijichimbia kaburi, kwamba kiongozi mwenye akili angenyamaza siku ile moja. Mimi naona waliomtaka afe walikuwa na sababu nyingine, nzito kuliko maneno: kopa na uranyumu ya Katanga, na hofu ya Amerika juu ya Warusi. Hotuba iliwapa tu hasira.

Tarehe 5 Julai, siku tano baada ya sherehe, askari waliasi. Jeshi lilikuwa na watu kama 25,000, na maofisa wake karibu 1,000 wote walikuwa Wabelgiji. Jenerali Janssens aliwaambia askari kwamba kwao hakuna kitakachobadilika baada ya uhuru, nao wakakataa. Wazungu wakakimbia, na pamoja nao waganga, mainjinia na mahakimu. Wakongo waliokuwa wamemaliza universite hawakufika 30 mu nchi nzima. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na nyuma yake walikuwa maofisa Wabelgiji na pesa za Union Minière. Agosti Kalonji akajitenga na Kasai ya kusini. Mu mwezi mmoja waziri mkuu alipoteza shaba na almasi, yaani mfuko wa nchi.

Lumumba aliita Umoja wa Mataifa. Askari wa ONU walifika upesi, lakini walikataa kumsaidia kurudisha Katanga kwa nguvu. Ndipo akaomba ndege na malori kwa Warusi. Kwa Waamerika, hiyo ilitosha.

Hapa kuna jambo lingine ambalo halipendezi. Mwishoni mwa Agosti, askari aliowatuma Kasai ya kusini waliua raia wengi wa Kiluba upande wa Bakwanga, njo Mbuji-Mayi ya leo. Hawakuwa wamelipwa vizuri, hawakuwa na chakula, walijipatia kwa bunduki. Sisi tunajua jeshi la namna ile linafanya nini kijijini. Lumumba hakuwepo, lakini yeye ndiye alikuwa mkubwa wa serikali iliyowatuma, na Waluba wa Kasai hawakusahau. Wakati alipokuja kuhitaji rafiki, pale hakumpata.

Tarehe 5 Septemba Kasavubu alitangaza ku redio kwamba amemfukuza. Lumumba naye alikuja ku redio akatangaza kwamba ni Kasavubu aliyefukuzwa. Bunge lilibaki upande wa Lumumba. Tarehe 14 kanali Mobutu, ambaye alikuwa zamani karibu yake sana na ambaye Lumumba mwenyewe alimpa cheo mu jeshi, alichukua mamlaka. Mwezi ule mtu wa CIA alifika Léopoldville na sumu ya kumuua, haikutumika. Oktoba waziri wa Ubelgiji aliyehusika na mambo ya Afrika aliandika kwamba ni lazima Lumumba aondolewe moja kwa moja. Hizo si hadithi za mu baa, ziliandikwa mu ripoti za Amerika na za Ubelgiji kwenyewe.

Alifungiwa nyumbani kwake Léopoldville. Askari wa ONU walizunguka nyumba ili asikamatwe, na askari wa Mobutu walizunguka askari wa ONU ili asitoke. Mtoto wake mchanga wa kike alifariki kule Uswisi bila yeye kumuona. Tarehe 22 Novemba, mu New York, mataifa yalipiga kura kumtambua Kasavubu. Mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa. Ulibaki mmoja tu, Stanleyville, ambako makamu wake Antoine Gizenga alikuwa tayari anakusanya serikali na askari.

Usiku wa tarehe 27 Novemba mvua kubwa ilinyesha. Lumumba alitoka amejificha ndani ya gari na akachukua njia ya mashariki. Kama angekimbia kimya kimya, pengine angefika. Lakini kila kijiji kilipomtambua, watu walifunga barabara kwa furaha, wakataka aongee, na yeye hakujua kukataa watu. Aliongea hapa, akaongea pale, saa zikaenda, na ndege ya waliomfuata ikawa inaangalia njia. Alifika mto Sankuru, pahali panaitwa Lodi. Alivuka kwanza na mtumbwi, bibi yake Pauline na mtoto wao Roland wakabaki ng'ambo wakingoja. Askari wakafika pale walipobaki. Lumumba alikuwa upande wa pili, upande wa njia inayoenda kwao na kwa watu wake wa Stanleyville. Akarudi na mtumbwi kwa bibi na mtoto. Wakamkamata.

Tarehe 2 Desemba alishushwa Léopoldville amefungwa kamba. Walimpiga mbele ya kamera, na zile picha zipo mpaka leo. Alipelekwa kambi ya jeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu.

Na hapa Kivu inarudi tena mu habari. Siku ya Krismasi 1960, askari wa Gizenga kutoka Stanleyville waliingia Bukavu, wakamkamata rais wa jimbo Jean Miruho na kumpeleka Stanleyville. Tarehe 1 Januari 1961 Mobutu alituma askari wake kurudisha Bukavu. Walipitishwa Ruanda-Urundi, ambayo bado ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, na wakashindwa. Kashamura akachukua uongozi wa Kivu. Kwa hiyo mwanzoni mwa Januari, Stanleyville, Kivu na Maniema vyote vilikuwa upande wa mfungwa. Tarehe 13 askari wa Thysville nao wakaasi kwa ajili ya mishahara, na wakubwa wa Léopoldville wakaogopa kwamba kesho asubuhi atakuwa nje. Ushindi wa watu wake huku mashariki ulifanya maadui waone kwamba hawana tena siku za kungoja.

Tarehe 17 Januari walimtia mu ndege pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Walipigwa njia nzima. Ndege ilishuka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Tshombe. Waliwatesa mu nyumba moja karibu na uwanja wa ndege, mawaziri wa Katanga wakija kuwaangalia. Usiku waliwapeleka mu pori la Shilatembo, karibu kilometa 50 kutoka mjini, wakawasimamisha ku mti mmoja mmoja, wakawapiga risasi. Waliofyatua walikuwa Wakongo, aliyewaongoza alikuwa ofisa Mbelgiji, na Tshombe na mawaziri wake walikuwa wanaangalia. Lumumba alikuwa na miaka 35. Siku zilizofuata polisi Mbelgiji, Gérard Soete, alifukua miili, akaikatakata na kuiyeyusha mu asidi ili pasipatikane kaburi. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia hayo miaka mingi baadaye, na alionyesha meno aliyojiwekea.

Katanga ilingoja mpaka 13 Februari kutangaza kifo, ikidanganya kwamba alitoroka na wanakijiji wakamuua. Hakuna aliyeamini. Cairo na Belgrade watu walishambulia nyumba za ubalozi wa Ubelgiji. Mu Léopoldville, Pauline alitembea barabarani bila viatu na kifua wazi, kama wajane wa zamani, akienda kuomba ONU imsaidie apate mwili wa bwana yake. Hakupewa, maana haukuwepo.

Jina lake lilitumiwa na wengi baadaye, na si wote walilitumia vizuri. Mwaka 1964 waasi Simba, pamoja na Gaston Soumialot na watu wengine waliokuwa upande wa Lumumba, walikamata sehemu kubwa ya mashariki. Stanleyville ilianguka Agosti 5. Mbele ya sanamu ya ukumbusho wa Lumumba, mu mji uliomlea, waliuawa Wakongo wengi, kati yao makarani na wafanyakazi wa serikali, watu waliofanana na Lumumba wa mwaka 1955. Na mwaka 1966 Mobutu, yule yule, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa.

Ubelgiji ilikaa kimya miaka 40. Mwaka 2001 tume ya bunge lao ilisema Ubelgiji ina sehemu ya hatia mu kifo kile, na mwaka 2002 serikali yao ikaomba msamaha. Mwaka 2016 sheria ya Ubelgiji ilikamata jino moja kwa binti wa Soete. Pauline hakuliona, alikuwa amefariki Kinshasa Desemba 2014. Tarehe 20 Juni 2022 jino lile lilirudishwa kwa watoto wa Lumumba mu sanduku la bluu, likatiwa ndani ya jeneza la mtu mzima, likaletwa Kongo.

Jeneza halikuzikwa mara moja. Lilipelekwa kwanza Sankuru, mu kijiji cha Onalua, ambako wazee wa Kitetela walimlilia kwa desturi yao. Kutoka Sankuru ndege ililipeleka Kisangani, na watu walijaa barabarani kulipokea, wengi wao wakiwa wamezaliwa miaka mingi baada ya ile safari iliyokatikia Lodi. Kisha likapelekwa Shilatembo, na tarehe 30 Juni likawekwa Kinshasa, chini ya mnara wa Limete.